Mwalimu wa Destroya

Kabla hajakufundisha neno lolote la Kiingereza, Mwalimu alikuuliza kwanza: unadhani destroya ni nini? Wengi hawakujua. Mmoja wetu aliwahi kujibu kwamba ni dawa ya mende. Mwalimu hakucheka. Alichukua chaki, akageukia mlango wa kabati aliokuwa ameupaka rangi nyeusi na kuuegemeza ukutani, akachora meli ndefu na nyembamba, yenye pua iliyochongoka na mabomba mawili ya moshi.

"Hii ni manowari ndogo," alisema, "iliyoundwa kuwinda manowari ndogo kuliko yenyewe. Andikeni."

Tuliandika. Tulikuwa watu wazima kama kumi na wawili, kila Jumapili saa tisa alasiri, katika chumba cha chini cha jengo letu huko Berea, Johannesburg, chumba ambacho zamani kilikuwa cha kufulia nguo. Mimi ni msusi, natoka Uvira, mji wa Kongo ulio mpakani na Burundi. Wenzangu walikuwa mafundi cherehani, wauza mboga na walinzi, Wakongomani na Warundi, na Mtanzania mmoja aliyekuja mara chache. Sote tulitaka Kiingereza cha kuzungumza na wateja na askari wa polisi. Tukapewa sehemu za meli. Hadi leo naweza kumtajia Mwingereza kila chumba cha manowari, lakini siku nilipotaka kumweleza daktari kwamba mgongo unaniuma, ilibidi nioneshe kwa kidole.

Kitabu chake kimoja tu ndicho kilichokuwa shule nzima. Kilikuwa kinene, cha Kiingereza, chenye picha kubwa, kimepoteza jalada na kurasa za mwanzo. Alikinunua mtaa wa Newtown kwa mtu aliyetandika vitabu vikuukuu chini, kando ya barabara. Kilieleza habari za destroya tu, tangu mwanzo wa karne ya ishirini hadi mwisho wake. Tulipomuuliza kwa nini alichagua kile, alisema kilikuwa na picha, na yeye mwenyewe wakati ule alikuwa anajifunza Kiingereza. Niliamini jibu hilo kwa miaka mitatu.

Alifundisha vizuri. Hilo hata waliomchukia walikubali. Alituambia jinsi mataifa maskini yalivyopata mashua ndogo zenye torpedo, yaani kombora linalosafiri chini ya maji, na jinsi wakubwa wenye manowari za bei mbaya walivyoingiwa na hofu. Wakaunda meli ya kuziharibu mashua hizo, na kazi yake ndiyo ikawa jina lake. Kisha zikaja nyambizi, na meli ileile ikapewa kazi nyingine: kutembea kando ya meli za mizigo, kusikiliza chini ya maji, kutupa mapipa ya baruti. Vita vya pili vya dunia vilipokuja, ikafungwa bunduki za kutungulia ndege. Baada ya vita ikawekewa makombora, ikanenepa, hadi mwisho wa karne destroya moja ilizidi kwa ukubwa manowari nyingi ilizokuwa ikizilinda zamani.

"Jina halijabadilika," alisema. "Kazi imebadilika mara tatu. Anayesoma jina tu hajui kitu."

Alikuwa na usemi mwingine alioutumia kila darasa lilipochemka. Mtu akianza kulaumu, iwe ni Wajerumani, Wajapani au Waingereza, Mwalimu aliinua chaki. "Mwaka kwanza, hasira baadaye." Ukishindwa kutaja mwaka, hukuruhusiwa kukasirika.

Siku za kazi alilinda magari karibu na uwanja wa michezo, upande wa mtaa wa Bertrams. Alivaa kizibao cha kijani chenye mistari ya kung'aa, na chaki ilikaa mfuko wa kifuani, mahali wenzake walipoweka sigara. Siku zisizo na mechi alichora meli kwenye lami. Huko ndiko alikokutana na mzee mmoja wa Kizungu, mstaafu aliyekuja kumwona fundi wa saa mtaa wa pili. Mzee yule alisimama juu ya mchoro, akaangalia, akasema bunduki za nyuma zimezidi. Alikuwa ametumikia kwenye mojawapo ya zile destroya mbili ambazo Afrika Kusini ilizichukua kutoka Uingereza baada ya vita. Walibishana nusu saa. Mwalimu hakukubali.

Jumapili iliyofuata aliingia darasani na rula.

"Fungueni madaftari, ukurasa wa zile meli mbili," alisema. "Nimehesabu upya picha. Yule mzee amesema kweli. Kateni mstari, andikeni juu yake."

"Eish, Mwalimu, ni bunduki moja tu," alisema Nestori.

"Leo ni bunduki moja."

Nestori alikuwa Mrundi, mlinzi wa duka la samani mjini, kijana mpana mwenye sauti ya kukwaruza. Alimpenda Mwalimu kwa namna ya kumchokoza. Kila wiki alifika na kirungu chake cha kazi kiunoni, na kila wiki aliambiwa akiache koridoni. Mwalimu alijua unene wa mdomo wa kila mzinga wa majini, ila hakutaka hata fimbo ndani ya chumba. Ndivyo alivyokuwa. Alisifu mwendo kasi wa meli zake, lakini yeye alitembea kama mtu anayehesabu mawe ya njia. Aliwakaripia wachelewaji, na mara nyingi yeye ndiye aliyefika wa mwisho. Tena hakuwahi kuiona bahari. Maji makubwa aliyowahi kuyapanda ni ziwa Tanganyika, alipokuwa anakimbia kutoka Bujumbura kwenda Kigoma, na alitusimulia bila aibu kwamba alitapika njia nzima.

Jambo moja nililiona mapema bila kulielewa. Hakuita majina. Mwalimu gani hana orodha? Alituita "dada", "bwana", "wewe wa dirishani". Mgeni akitaka kujitambulisha, jina la baba na mkoa anakotoka, Mwalimu alimkatiza kwa upole: "Karibu, keti, unadhani destroya ni nini?"

Darasa lenyewe lilizaliwa katika ghasia za Mei 2008, wakati wageni walipopigwa na kufukuzwa katika mitaa mingi ya Johannesburg. Jengo letu lilikuwa na msimamizi, Mama Nosipho, mwanamke wa Kimpondo, kabila la Afrika Kusini, aliyeshika funguo zote. Alasiri ghasia zilipofika kwetu, alipita mlango hadi mlango akituambia tutoke kwa nyuma. Sisi tulipokuwa tunatoka, yeye alikuwa mbele, amekaa kwenye kiti katikati ya lango, akiwaambia wanaume wenye fimbo kwamba ndani hakuna mtu, wageni wameondoka jana. Alisema uongo ule bila kusimama. Tulikimbilia ukumbi wa kanisa. Watu walibeba mablanketi na masufuria. Mwalimu, ambaye nilikuwa namjua kwa kusalimiana tu kwenye ngazi, alibeba kitabu kisicho na jalada na boksi la chaki.

Siku ya pili ukumbini watu walianza kutafutana makosa. Wakongomani walisema Warundi ndio wanaokubali mshahara mdogo na kuwaudhi wenyeji. Warundi walisema Wakongomani wana makelele na majivuno. Kisha Warundi wakageukiana wenyewe, kwa maneno ya chini, ya nyumbani. Wanaume wawili walisimama. Hapo Mwalimu alipiga magoti sakafuni na kuanza kuchora. Alichora meli ndefu kama benchi, haraka, bila kusema neno, hadi mtu mmoja akauliza ni nini. Akajibu. Akaulizwa tena. Jioni ilipofika watu arobaini walikuwa wamezunguka mchoro, wakibishana kama meli ya chuma inaweza kuelea au la. Wale wanaume wawili walikuwa miongoni mwao, kila mmoja upande wake wa meli.

Tuliporudi Berea tulimwomba aendelee. Mama Nosipho alitupa chumba cha kufulia. Chumba cha Nestori kilikuwa kimevunjwa na vitu vyake vyote vimechukuliwa, na kwa sababu funguo zilikuwa kwa Mama Nosipho, Nestori aliamini ni yeye aliyefungulia wezi. Mlango ulivunjwa, haukufunguliwa kwa funguo. Tulimwonesha mbao zilizopasuka. Hakusikia. Kuanzia hapo alimpita mama yule kama mtu anayepita nguzo.

Mama Nosipho alikaa mlangoni kila Jumapili, akisubiri kufunga chumba. Kiswahili hakukijua, lakini Mwalimu alirudia kila jambo kwa Kiingereza, kwa hiyo alisikia yote. Alifuma, akasikiliza, miaka mitatu. Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, Jumapili moja ya baridi, aliinua mkono na sindano zake za kufumia.

"Mwalimu," alisema kwa Kiingereza, "naomba kuuliza. Babu wa mama yangu alipanda meli kwenda vita vya kwanza vya dunia. Ilijaa watu weusi wa hapa, vibarua. Iligongwa kwenye ukungu, wakafa wengi. Bibi yangu alisema kulikuwa na meli ndogo ya kivita ya kuwalinda. Ile ilikuwa destroya?"

Mwalimu alishusha chaki. "Ndiyo, mama."

"Ilikuwa inafanya nini?"

Mwalimu alifuta mlango wa kabati, ingawa ulikuwa mtupu. Akasema somo limekwisha. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Jumapili iliyofuata hakushuka. Ya pili hakushuka. Ya tatu nilipika maharage na wali, nikapanda hadi chumba chake, ghorofa ya sita, alichogawana na watu wengine watatu kwa mapazia. Alikuwa amekaa kitandani, kitabu kimefungwa mapajani.

"Habari hiyo imo humu?" niliuliza.

"Imo. Aya moja. Nimekuwa nikiruka ukurasa huo tangu mwanzo."

"Kwa nini, Mwalimu?"

Alikula kidogo kwanza. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti, kwamba huko Bujumbura alikuwa mwalimu wa historia wa sekondari. Mwaka 1993, wiki ambazo nchi ilikuwa inatafuta pa kupasukia, wanafunzi walimwomba awafundishe habari za mauaji ya zamani, yale ambayo hayakuwa kwenye vitabu vya shule. Alidhani ukweli ungewatuliza. Alifundisha saa mbili. Alitaja nani aliua na nani aliuawa. Wakati wa kufundisha aliona wanafunzi wanageuka, wanatazamana, wanahesabiana.

"Kesho yake dawati moja lilikuwa tupu," alisema. "Baada ya wiki, matano. Wawili najua walikimbia. Mmoja najua hakukimbia. Nilikuwa nimemwita kwa jina, dada. Nilisema, simama, baba yako alikuwepo, tueleze."

Nilibaki nimeshika kifuniko cha sufuria.

"Nilipofika hapa nilitafuta historia ambayo hakuna hata mmoja wetu aliye na ndugu ndani yake," alisema. "Nikaona hii. Wazungu, Wajapani, maji. Nikasema, hapa hataumia mtu. Kumbe Mama Nosipho yumo."

Nilimwambia mama yule hakuuliza ili amlaumu mtu. Alikuwa anauliza tu. Mwalimu alimaliza chakula.

Jumapili ya nne alishuka. Amevaa koti, ametia mafuta viatu. Alimwomba Mama Nosipho atoke mlangoni aje kukaa mbele. Nestori alinong'ona kwamba sasa tunafundishwa habari za watu waliotufukuza, na Mwalimu akamsikia, na hakuinua chaki. Alianza.

Alisema ilikuwa mwaka 1917. Alisema watu wale walikuwa wanapelekwa Ufaransa kuchimba na kubeba, na hawakupewa bunduki kwa sababu ya rangi yao. Wengi walikuwa hawajawahi kuiona bahari kabla ya safari ile. Kabla ya mapambazuko, karibu na pwani ya Uingereza, ukungu ulikuwa mzito, na meli ya mizigo kubwa kuliko yao iliwagonga ubavuni. Meli yao ilizama kwa muda mfupi, haifiki nusu saa. Iliyowagonga haikushusha boti kuwaokoa. Walikufa zaidi ya mia sita.

"Umeuliza destroya ilikuwa inafanya nini," alimwambia Mama Nosipho. "Ilikuwa karibu, mama. Ilikuwa kazini, kama ilivyopaswa. Lakini haikuona. Watu wake walishusha boti wakaenda kwa kufuata sauti gizani. Waliwatoa baadhi. Maji yalikuwa baridi sana, na sauti zilipungua haraka. Hayo ndiyo ninayoyajua. Yanayozidi hapo nitakuwa nakudanganya."

Mama Nosipho alikuwa ameacha kufuma. "Kwa hiyo kuna waliowaendea."

"Kuna waliowaendea."

"Nyumbani walizika koti lake," alisema. "Bibi alidhani wameachwa tu, kama mizigo." Alijifuta uso kwa kile alichokuwa anakifuma. Kisha akamshukuru kwa Kimpondo, maneno mengi, na hakuna aliyehitaji mkalimani.

Ndipo Nestori aliposimama. Sauti yake haikukwaruza, ilikuwa ndogo.

"Na yetu, Mwalimu? Huyu mama umempa yake. Mimi ya kwangu nitapewa na nani?"

"Siwezi."

"Unaijua."

"Naijua. Siwezi, bwana."

"Miaka mitatu nakaa hapa nahesabu mabomba ya moshi ya Wajapani," Nestori alisema. "Baba yangu alikuwa na mwaka wake. Mwaka naujua. Hasira sijaruhusiwa bado."

Alichukua kirungu chake koridoni, tukasikia hatua zake zikipanda ngazi. Mwezi ule akahama jengo. Darasa liliendelea kwa kulegea. Mwalimu alifundisha vita vya pili kwa mara nyingine, lakini alisahau alipoishia, na siku moja alirudia somo lilelile Jumapili mbili mfululizo, tukaandika bila kumwambia. Mwaka 2012 jengo lilipata mwenye mali mpya, chumba cha kufulia kikafungwa, nasi tukatawanyika. Mimi nilihamia Bertrams, nikafungua kiti changu cha kusuka kwenye veranda ya spaza, duka dogo la mtaani.

Nilisikia kwamba Mwalimu ameacha kazi ya magari kwa sababu ya macho. Mwaka 2014, Jumamosi moja asubuhi, mteja niliyekuwa namsuka alitaja mzee Mrundi anayeishi mtaa wetu wa nyuma, asiyeona vizuri, anayewasumbua watu kwa kuwauliza miaka. Nilimaliza kichwa kile, nikanawa mikono, nikaenda.

Aliyefungua mlango ni Nestori. Alikuwa amenenepa, na nywele za kando zimeanza mvi. Aliniangalia kidogo kisha akacheka.

"Msusi! Ingia, ingia."

"Wewe unaishi hapa?"

"Mimi ndiye mwenye chumba. Yeye ndiye mgeni wangu." Akapunguza sauti. "Nilimtafuta nimtukane. Nilikuwa nimeyapanga matusi vizuri. Nikamkuta anapapasa kijiko mezani. Ningemtukana vipi?"

Mwalimu alikuwa ameketi mezani dirishani, shingo imeinama kidogo, macho yameingia ukungu mweupe. Mbele yake hapakuwa na kitabu chochote cha meli. Palikuwa na madaftari manne ya shule, na la tano lilikuwa wazi mbele ya kiti cha Nestori, limejaa mwandiko mkubwa wa mlinzi. Nilitambua majina ya milima na ya parokia za Burundi. Nilitambua pia majina ya watu, mengi, moja chini ya jingine, na kando ya kila moja mwaka. Upande wa kushoto walikuwa watu wa kabila la Mwalimu, upande wa kulia wa kabila la Nestori. Sisi wa ng'ambo ya mpaka tunajua kuyatenganisha majina hayo, hata kama hatusemi.

"Yeye anasema, mimi naandika," Nestori alieleza. "Halafu mimi nasema yangu, na yenyewe naandika. Tukigombana tunaacha, tunakunywa chai. Wiki iliyopita tuliacha siku tatu."

"Ni dada wa Uvira?" Mwalimu aliuliza. Hakuwahi kuniita hivyo. Sikujua kama alikuwa anajua ninakotoka. "Umekuja vizuri. Tuko mwaka 1993, Oktoba. Watu wamevuka mpaka kwenda kwenu. Sisi wawili hapa tunajua walivyoondoka. Wenyeji walivyowaona wakifika hatujui. Wewe ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na mitatu."

"Basi uliona."

Niliona. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu, si kwa sababu ni siri, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza. Nestori alinisogezea kiti, akafungua kalamu.

Niliwaambia kwamba nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara itokayo Kavimvira, mpakani, na kwamba walipita tangu asubuhi, na magodoro vichwani, na wengine bila chochote, na mwanaume mmoja amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni. Niliwaambia mama yangu alisimamisha pipa la maji nje na kikombe, akawapa. Pipa likaisha. Akatuma tukachote, likaisha tena. Alasiri alituingiza sote ndani, akafunga mlango, akaweka meza nyuma yake. Waligonga. Waligonga kwa adabu, kwa vidole, kama watu wanaoomba radhi. Kulikuwa na mtoto aliyekuwa anasema neno moja tu, "amazi, amazi", maji, maji. Mama alituziba midomo. Hatukufungua mpaka jua lilipozama, na hata hapo tulifungua kuchungulia tu.

Kalamu ya Nestori ilikuwa imesimama.

"Mlango wenu ulikuwa rangi gani?" aliuliza.

"Kijani."

Mwalimu alikuwa amegeuza uso upande wa sauti ya Nestori, akisubiri.

"Sisi tulipofika Uvira tuligonga mlango wa mbao, haukuwa na rangi," Nestori alisema. "Siyo nyinyi."

Kisha akainama juu ya daftari, akaniuliza ule wa kijani ulikuwa upande gani wa barabara, ili aandike vizuri.